Trakta Kuukuu na Rangi Yake

Kila mtu apenda kupaka rangi. Mpe kijana kopo la rangi na brosi, naye ataimba tangu asubuhi hata jioni. Lakini mwambie kwanza aondoe rangi ya zamani, utamwona akikuna kichwa na kuuliza kama haitoshi kuifunika tu. Ndivyo ilivyokuwa kwetu, wasomaji wapenzi, katika kiangazi kimoja, tulipokuwa tukifundisha katika shule ya misioni ambayo hatutaitaja jina. Kazi yenyewe ilikuwa ya trakta ndogo ya bustani, na kosa tulilolifanya pale ndilo linalotushikisha kalamu leo.

Mashine hiyo ilifika misioni kabla sisi hatujazaliwa, zawadi ya wakristu wa ng'ambo. Si trakta kubwa ya kulimia mashamba mapana. Ni mashine fupi yenye injini ya silinda moja na kiti cha mtu mmoja, ambayo Wamarekani huitumia kukata majani kuzunguka nyumba zao, kulima bustani, na kusukuma theluji wakati wa baridi. Yetu ilikuwa ya aina iitwayo John Deere 110. Yule John Deere mwenyewe alikuwa mhunzi wa Illinois, aliyejipatia sifa kwa jembe la feleji alilolitengeneza mwaka 1837. Lakini trakta ya kwanza ya bustani yenye jina lake haikutokea ila mwaka 1963, katika kiwanda cha mji wa Horicon, jimbo la Wisconsin, nayo ndiyo hiyo 110. Zile za mwaka wa kwanza zilikuwa na nguvu za farasi 7 tu. Mwili wake ni kijani, magurudumu yake ni manjano, na ubavuni mwa kapo, yaani kile kifuniko cha injini, imebandikwa karatasi yenye jina la kampuni.

Yetu haikuwa tena kijani. Jua na mvua zilikuwa zimeifanya rangi iwe kama majani makavu. Mahali pengine ilikuwa imevimba, na chini ya uvimbe kutu ilikuwa ikila chuma polepole. Vibandiko vilikuwa vimepasuka vipande vipande, hata jina lilisomeka nusu. Injini, lakini, ilikuwa nzima. Padri mkuu akasema, "Mwalimu, chukua wanafunzi wa darasa la mwisho, mkaifanye mashine hii ionekane kama mashine." Tukaitika kwa furaha. Hatukuwa tumeuliza neno lolote kwa mtu mwenye kujua.

Siku ya kwanza tuliisukuma trakta hadi kwenye kivuli cha mwembe ulio kati ya karakana na jiko. Tukawagawia vijana brosi za nyaya, visu vikuukuu na msasa mkavu, nao wakaanza. Vumbi liliruka! Liliruka kijani, liliruka manjano, na mahali pa chini kabisa liliruka jekundu. Upepo wa kiangazi ukalichukua mpaka kwenye sinia za unga zilizoanikwa nje ya jiko. Vijana walirudi nyumbani jioni nywele zao zimebadilika rangi, na wote wakacheka, nasi tulicheka pamoja nao.

Siku ya pili watoto wadogo wa wafanyakazi walikuja chini ya mwembe. Waliokota magamba ya rangi yaliyoanguka, wakacheza duka: gamba la kijani ni faranga 100, gamba la manjano ni faranga 500. Mmoja wao, mtoto wa mpishi, asiyetimiza miaka mitatu bado, aliweka fedha zake mahali ambapo watoto wa umri huo huweka kila kitu, yaani kinywani. Mama Mtawa wa zahanati alikuwa akipita. Alimwona, akamkimbilia, akamtia kidole kinywani na kutoa magamba, kisha akatugeukia.

"Mwalimu, rangi hii ni ya mwaka gani?"

"Ni ya zamani, Mama. Labda miaka sitini."

"Na mnaikwangua kavu, karibu na jiko?"

Hatukuwa na jibu. Mama Mtawa hakutukemea mbele ya wanafunzi, kwa maana aliiheshimu kazi ya mwalimu. Aliwaamuru vijana wote waende kunawa mikono na nyuso kwa sabuni, unga wa siku ile utupwe, na mama wa mtoto aitwe zahanati. Jioni alituketisha barazani, akatufundisha kama sisi tulivyozoea kuwafundisha wengine.

Mafundisho yake yalikuwa haya. Rangi ni unga wa rangi uliochanganywa na mafuta au utomvu ili ushike. Katika miaka ile, unga huo mara nyingi ulitokana na madini ya risasi. Manjano ing'aayo ya mashine ilipatikana kwa risasi iliyounganishwa na kromu. Wachanganyaji wa rangi walichukua manjano hiyo hiyo, wakaitia buluu, wakapata kijani. Na ile nyekundu ya chini, iliyopakwa kwanza ili kuzuia kutu, mara nyingi ilikuwa oksidi ya risasi. Hatusemi kwamba kila trakta ya zamani ina sumu hiyo, wala kwamba yetu ilikuwa nayo. Twasema kwamba jicho haliwezi kutambua, na asiyeweza kutambua hana budi kufanya kazi kana kwamba sumu imo.

Mtu anaweza kudhani kwamba sheria zilikwisha kuondoa jambo hili. Huko Marekani, mwaka 1978, rangi ya kuuzwa kwa watu ilikatazwa kuwa na risasi zaidi ya sehemu 6 katika 10,000, na mwaka 2009 kipimo kilipunguzwa tena, hata chini ya sehemu 1 katika 10,000. Lakini sheria ile iliacha mlango wazi: rangi za kurekebishia mashine za shamba na za bustani hazikuingizwa katika katazo, mradi kopo liandikwe onyo. Kwa hiyo hata mashine iliyopakwa upya baada ya mwaka 1978 haipaswi kuaminiwa kwa sababu ya tarehe yake tu.

Na risasi hufanya nini mwilini? Haiumi kama nge, wala haiwashi kama pilipili. Hapo ndipo ulipo ubaya wake. Magamba yake huwa na ladha tamu kidogo, hata mtoto aliyeonja hurudi kuonja tena. Tumbo la mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne au tano zaidi ya tumbo la mtu mzima. Huingia katika ubongo unaokua, na hapo huzuia akili na usikivu. Huingia katika mifupa, ikakaa humo miaka mingi, na mama mwenye mimba huweza kumpitishia mtoto wake risasi aliyoila yeye mwenyewe akiwa msichana. Shirika la Afya la Ulimwengu lasema hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa salama. Sisi walimu tulisikia maneno hayo tukiwa na aibu. Ni mara ngapi tumemwita mtoto mvivu au mzito wa kichwa, bila kuuliza ametia nini kinywani nyumbani kwao?

Basi kazi ikasimama siku tatu, ikaanza upya kwa namna nyingine. Twaieleza hapa kwa sababu tunajua kwamba katika parokia nyingi ziko pikipiki, milango ya chuma, vitanda vya zahanati na mashine za kusaga zinazongojea rangi, na njia ni ile ile.

Kwanza tuliihamisha mashine. Tuliipeleka nyuma ya karakana, mbali na jiko, kisima na njia ya watoto, tukatandika turubai kubwa chini yake. Kisha tuliiosha. Wengi huruka hatua hii. Mashine kuukuu imejaa grisi na mafuta, na ukianza kwa msasa, unasukuma mafuta hayo ndani ya mikwaruzo ya chuma. Baadaye rangi mpya itayakimbia na kujikusanya katika vidoto vidogo kama macho ya samaki. Maji ya moto na sabuni, mara mbili. Penye grisi nzito, mafuta ya taa kwanza na sabuni baadaye.

Kisha vibandiko. Hapa twaomba msomaji asiwe na haraka, maana vijana wetu walitaka kuvikwangua pamoja na rangi, na laiti tungewaachia tungalipoteza mambo mawili.

La kwanza ni mahali pake. Kibandiko kikiisha kutoka, hakuna awezaye kukumbuka kama kilikuwa vidole vitatu kutoka ukingoni au vinne. Kabla ya kugusa chochote tulipima kila kimoja kutoka kingo mbili za bati, tukaandika katika daftari, tukaweka karatasi nyembamba juu yake na kufuatisha herufi kwa penseli. Mwanafunzi mmoja alipiga picha kwa simu, rula ikiwa kando ili ukubwa ujulikane. Kile kibati chenye namba ya mashine hatukukigusa. Namba hiyo ndiyo cheti cha ubatizo cha trakta: bila hiyo huwezi kujua mwaka wake wala kuagiza kipuri kinachoifaa. Tulikifunika kwa utepe wa karatasi mpaka mwisho wa kazi.

La pili hatukulitazamia. Kibandiko cha plastiki hulegea kwa joto. Penye umeme watu hutumia ile mashine ya kukaushia nywele. Sisi tuliliacha kapo katika jua la saa sita, tukakiongezea kibandiko kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto. Gundi ikalainika. Hapo mtu huinua pembe moja kwa ukucha au kwa kipande cha plastiki, si kwa kisu, kisha hukivuta polepole, akikikunja kirudi juu ya mgongo wake mwenyewe, bila kukivuta kwenda juu. Ukivuta juu kitakatika. Kwa saa moja na nusu tulibandua ubavu mmoja, na chini ya kibandiko tukaona rangi ya kijani ambayo hakuna mmoja wetu aliyekuwa ameiona kamwe: nzito, safi, kama jani la mgomba baada ya mvua. Jua halikuwahi kuigusa tangu ilipotoka Horicon. Vijana walinyamaza wakiitazama. Padri mkuu alikuwa amekwisha kununua kopo la kijani lililofanana na ile rangi iliyofifia. Alipoletwa kuona, alicheka, akalirudisha kopo dukani. Rangi ya kweli ya mashine ilikuwa imehifadhiwa chini ya jina lake.

Jambo hilo linafahamika kwa watengenezaji wa trakta za zamani huko Marekani, nalo limewatatulia mafumbo. Mwaka 1969 John Deere ilijaribu kuuza trakta za bustani zenye mwili mweupe, na kapo na kiti cha rangi ya chungwa, buluu, nyekundu au manjano, ili wake wa nyumba wachague kama wanavyochagua mapazia. Baadhi ya mashine hizo baadaye zilipakwa kijani cha kawaida. Mtu anayekwangua kwa subira huweza kukutana na nyeupe na buluu chini ya kijani, akajua ana kitu adimu. Anayetumia brosi ya nyaya hatajua kamwe.

Gundi iliyobaki tuliipaka mafuta ya karanga, tukaiacha usiku kucha, asubuhi ikafutika kwa kitambaa. Mafuta ya taa hufanya vivyo hivyo kwa upesi zaidi, ila yananuka na yanashika moto. Lolote utakalotumia, osha tena kwa sabuni. Na hata gundi ikiisha, pitisha kiganja mahali pale: utasikia ukingo mdogo wa umbo la kibandiko, maana rangi ya nje imechakaa na ya ndani haikuchakaa. Ukingo huo usiposawazishwa, utaonekana chini ya rangi mpya kama kivuli, na jina la zamani litajiandika lenyewe.

Ndipo ikaja rangi yenyewe. Njia tatu tulizikataa. Moto wa gesi tuliukataa kwa sababu joto kali huigeuza risasi kuwa moshi, na moshi huingia mapafuni upesi kuliko vumbi. Kupuliza mchanga kwa mashine ya upepo tulikukataa pia: mchanga wa kawaida ukipasuka hutoa vumbi la silika liuwalo mapafu, ndiyo maana kanuni za Uingereza za mwaka 1949 ziliukataza katika usafishaji wa vyuma vya kalibu, tena bati jembamba la kapo hupindika. Ya tatu ni dawa za dukani za kulainisha rangi. Si zote ni mbaya, lakini someni kopo. Likiandikwa kwa Kifaransa "chlorure de méthylène" au "dichlorométhane", liacheni. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hulala chini katika chumba, na mwili ukiuvuta huugeuza kuwa gesi ile ile ya jiko la makaa lililofungiwa ndani ya nyumba. Watu wamekufa wakiwa wameinama juu ya kazi yao. Marekani ilikataza mwaka 2019 dawa hizo zisiuzwe kwa watu wa kawaida.

Tulitumia njia mbili. Kwa bati pana, msasa wa maji: bati lilowe daima, msasa uchovywe ndooni kila mara, na kinachotoka kiwe tope badala ya vumbi. Kwa vyuma vidogo vya pembe nyingi, soda kali, ile ile ambayo mama zetu hupikia sabuni ya mawese. Na kwa nini soda huondoa rangi? Kwa sababu rangi ya zamani imefungwa kwa mafuta, na soda huyageuza mafuta kuwa sabuni. Rangi hulegea kwenye chuma kama mawese yanavyogeuka katika sufuria. Wanafunzi waliokuwa wamelala katika somo la kemia waliamka siku ile.

Lakini soda kali haina urafiki na mtu. Soda hutiwa katika maji, kidogo kidogo. Maji hayatiwi kamwe juu ya soda, maana yatachemka na kuruka usoni. Mikono ivae mpira, macho yavae miwani, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Tena soda hula aluminiamu. Kijana mmoja alitumbukiza mfuniko mdogo aliodhani ni chuma. Maji yakaanza kutoa mapovu, tukautoa upesi, uso wake umekwisha kuwa na vishimo. Mapovu yale ni hidrojeni, gesi inayoshika moto. Tangu hapo kila kipande kilijaribiwa kwa sumaku kabla ya kuingia: kisichoshikwa na sumaku hakiingii. Injini yenyewe hatukuitia maji. Tuliziba matundu yake yote kwa vitambaa, tukaisafisha kwa mkono.

Kazi ya siku mbili ikawa ya wiki tatu. Waliokuwa wakikwangua walivaa kinyago cha kuchuja vumbi. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Hapakuliwa kitu mahali pa kazi, hata karanga moja. Nguo za kazi zilibaki karakana, zikafuliwa peke yake, zisichanganywe na nguo za ndugu wadogo nyumbani. Jioni turubai lilikunjwa likiwa bado bichi, tope likakusanywa pamoja na maji ya soda katika madebe. Maji yakaachwa yakauke chini ya paa, na lililobaki likafungwa. Kijana mmoja aliuliza, "Mwalimu, kwa nini tusimwage shimoni tu?" Tukamwonyesha kisima, kisha tukamwonyesha bustani ya mchicha ya masista. Hakuuliza tena.

Kuhusu chuma kilicho uchi, neno moja tu. Hakingoji. Kiangazi kinasamehe kidogo. Masika hayasamehi, na chuma kilichooshwa asubuhi chaweza kuwa na kutu ya rangi ya chungwa jioni. Kipande kikikauka tulikipaka rangi ya msingi siku ile ile, hata kama ilitupasa kuwasha taa.

Vibandiko vipya vilipatikana baada ya miezi miwili, kwa kuagiza. Tulivibandika kwa maji yenye sabuni kidogo, ili viteleze mpaka vifike mahali palipoandikwa katika daftari, kisha tukasukuma maji na hewa nje kwa ukingo wa kadi ya plastiki. Ubavu wa kulia ulienda sawa. Wa kushoto una kiputo kimoja chini ya herufi ya mwisho, na kijana aliyekiacha hukionyesha kila mgeni kabla mgeni hajakiona mwenyewe.

Mtoto wa mpishi sasa yuko darasa la tatu. Mama Mtawa alimfuatilia kwa miaka miwili, akimpima uzito na kumsemesha, wala hakuona dosari. Damu yake haikupimwa, kwa kuwa zahanati haikuwa na kipimo cha risasi. Debe lenye magamba liko bado ghalani, kwenye ubao wa juu kabisa, limefungwa kwa waya, na juu yake tuliandika kwa rangi ile ile ya kijani kipya: SUMU, MSIFUNGUE.